Mita Haidanganyi? Mashine, Mtu na Mzigo wa Kuthibitisha

Mtu akisema jambo na mashine ikasema jingine, tumwamini nani kwanza? Wengi wetu tuna jibu tayari. Mashine haina tamaa, haina hasira, haina ndugu wa kumpendelea. Kwa hiyo iaminiwe mashine. Katika insha hii nitatumia kifaa kimoja ambacho kila msomaji anakijua, yaani mita ya umeme ya nyumbani, kuonyesha kwamba jibu hilo lina kasoro. Nitadai kwamba kabla ya kuuliza nani anasema kweli, haki inatutaka tuulize swali jingine: nani anapaswa kubeba mzigo wa kuthibitisha? Mzigo huo ukiwekwa begani kwa asiyeweza kuubeba, hukumu imekwisha kutolewa kabla kesi haijasikilizwa.

Tuanze na kifaa chenyewe. Mita hupima nishati iliyotumika, na kipimo chake ni kilowati-saa, ambacho mitaani tunakiita uniti. Balbu ya wati 100 ikiwaka kwa saa 10 hutumia uniti moja. Jiko la umeme la wati 1000 hutumia uniti hiyo hiyo kwa saa moja. Mita za zamani zilikuwa na kisahani kilichozunguka nyuma ya kioo, na kadiri matumizi yalivyokuwa makubwa ndivyo kilivyokwenda mbio. Za siku hizi zina taa ndogo nyekundu inayomweka, na kwenye uso wa mita nyingi imeandikwa ni mimweko mingapi inayofanya uniti moja: 1000, 1600, au idadi nyingine. Katika nchi zetu mita nyingi ni za kulipia kabla. Unanunua tokeni ya tarakimu 20, unaibonyeza, uniti zinaingia, kisha mita inazipunguza moja moja mpaka giza lirudi. Watanzania huuita mfumo wao LUKU, kifupi cha Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Nalipenda jina hilo kwa sababu ndani yake mna ahadi ya kimaadili. Halisemi kwamba umeme utakuwa rahisi au utakuwapo kila siku. Linasema utalipa kwa kadiri ya ulichotumia. Ahadi yote imesimama juu ya neno moja: kadiri.

Neno hilo ni la kale kuliko umeme. Watu wa sokoni walilijua kabla ya waya wa kwanza kufika kwetu. Katika Qurani iko sura nzima, Al-Mutaffifin, inayopewa jina la wapunjaji wa vipimo. Na kitabu cha Mithali katika Biblia nacho kinailaani mizani ya udanganyifu. Dini zetu zimeona kwamba mwenye mizani ana uwezo ambao mnunuzi hana, na kwamba uwezo huo unahitaji kuchungwa.

Lakini mnunuzi wa sokoni bado ana silaha kidogo. Akinunua kilo mbili za maharage na kuona mfuko ni mwepesi, anaweza kuupeleka kwenye kibanda cha jirani ukapimwe tena. Anaweza kuulalamikia umma uliopo pale. Anaweza kesho kununua kwingine. Mnunuzi wa umeme hana lolote kati ya hayo. Mizani ya umeme imefungwa ukutani kwake lakini si yake. Ina lakiri, na akiikata lakiri hiyo ili atazame ndani, yeye ndiye anayekuwa mhalifu. Umeme wenyewe hauonekani, hauna harufu, wala hauwezi kubebwa kwenda kwa jirani ukapimwe upya. Na kibanda cha pili hakipo: msambazaji ni mmoja. Kwa hiyo hakuna mnunuzi anayelazimika kuamini zaidi ya mnunuzi wa umeme. Hiyo ndiyo sababu ya mimi kuichagua mita kuwa mfano.

Nieleze sasa kisa nilichokishuhudia. Katika mwaka wangu wa pili chuoni nilipanga chumba Kampala, katika zile nyumba za safu ambazo kwa Kiluganda huitwa mizigo. Vilikuwa vyumba vitano chini ya paa moja, ua mmoja, bomba moja na mita moja. Mama mwenye nyumba alikusanya mchango kwetu, akanunua tokeni, na kila mtu akaridhika kwa sababu kila mtu alijua takriban matumizi ya mwenzake. Kisha uniti zilizokuwa zikitosha wiki tatu zikaanza kwisha kwa siku nane.

Hesabu ya kwanza iliyofanywa ilikuwa ya watu, mita haikuguswa. Nani ana friji? Nani anachaji betri usiku? Nani hupika kwa jiko la umeme wenzake wakilala? Mwisho macho yote yakamgeukia mshonaji wa chumba cha nne, ambaye alikuwa mgeni kutoka Kongo na Kiluganda chake kilikuwa cha kusalimia tu. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Alijieleza kwa Kiswahili cha kwao: "Pasi yangu ni ya makala," akimaanisha mkaa, na akaitoa nje ionekane, nyeusi na majivu yakiwa bado ndani. Haikusaidia. Mtu mmoja alisema kwamba pasi ya mkaa ni ya kuonyesha mchana, na ya umeme ni ya usiku. Ukimwambia mtu hivyo, atajitetea kwa nini? Kila ushahidi anaoutoa unageuzwa kuwa sehemu ya ujanja wake.

Mama mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya. Alikwenda kwa msambazaji kulalamika, na baada ya siku kadhaa akaja fundi. Fundi aliitazama mita pale nje, akabonyeza vitufe viwili vitatu, akasema: "Mita haidanganyi, mama. Waulize wapangaji wako." Akaondoka. Tangu siku hiyo mshonaji akatakiwa kulipa mchango mara mbili. Alilipa mwezi mmoja. Mwezi uliofuata alihama.

Baada ya yeye kuhama, uniti ziliendelea kwisha kwa siku nane.

Ndipo tulipofanya jaribio ambalo lingeweza kufanywa siku ya kwanza. Saa tatu usiku tulizima kila kitu, tukachomoa hata chaja za simu, kisha tukazima swichi kuu inayofuata baada ya mita. Nyumba nzima ikawa giza. Tukasimama mbele ya mita. Taa nyekundu ikamweka. Tukangoja. Ikamweka tena, na tena. Hapakuwa na umeme uliokuwa ukipita kwenda kwetu, na mita ilikuwa ikihesabu. Mama mwenye nyumba alirudi kwa msambazaji mara mbili zaidi kabla mita haijabadilishwa. Uniti zilizopotea hazikurudishwa. Mshonaji naye, kwa simu aliyokuwa akiitumia, hakupatikana tena.

Turudi kwenye sentensi ya yule fundi, kwa maana falsafa yote ya jambo hili imo ndani yake. Mita haidanganyi. Kwa upande mmoja sentensi hiyo ni kweli kabisa. Kudanganya kunahitaji nia; lazima mdanganyifu ajue kweli ni ipi, kisha akusudie kuificha. Mita haijui chochote wala haikusudii chochote. Lakini Kiswahili kinatofautisha kudanganya na kukosea. Saa ya ukutani iliyosimama haimdanganyi mtu, ila atakayeifuata atachelewa basi. Sentensi ya fundi inachukua ukweli wa kwanza, kwamba mashine haiwezi kusema uongo, na kuupitisha kimyakimya kama ukweli wa pili, kwamba mashine haiwezi kukosea. Msikilizaji anakubali la kwanza, na kabla hajatanabahi ameshauziwa la pili.

Ubaya wa hila hiyo ni kwamba haiishii kwenye mita. Kama mita haikukosea, basi yuko mtu aliyekosea. Kila mara tunapoitangaza mashine kuwa safi bila kuipima, tunamtangaza mtu fulani kuwa mwizi au mwongo bila kumtaja jina. Fundi hakumtaja mshonaji; hata hakumjua. Aliacha nafasi tupu tu, na watu wa uani wakaijaza kwa yule aliyekuwa rahisi kumshuku. Ndiyo maana nasema hasara ya mita mbovu haipimwi kwa shilingi peke yake. Mita inapohesabu vibaya, inatoa ushahidi wa uongo juu ya mwenendo wa watu.

Mwanafalsafa Miranda Fricker, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu dhuluma katika mambo ya ujuzi, anaeleza kwamba mtu anaweza kudhulumiwa kwa namna ya pekee pale neno lake linapopewa uzito mdogo kuliko linavyostahili kwa sababu ya chuki au dhana tulizo nazo juu ya watu wa aina yake. Anadhulumiwa kama mjuzi, kama mtu anayeweza kujua jambo na kulisema. Mshonaji alikuwa ndiye mtu pekee duniani aliyejua kwa hakika kwamba hapigi pasi kwa umeme usiku. Ujuzi wake ulishindwa na lafudhi yake. Kwa maoni yangu mashine iliongeza jambo moja katika dhuluma hiyo: iliwapa wenye dhana ngao ya kujifichia. Hawakusema "tunamshuku kwa sababu ni mgeni." Walisema "mita ndiyo inayosema."

Huenda msomaji akasema kwamba nimechukua mita moja mbovu na kuijengea falsafa, na kwamba mita nyingi hupimwa kiwandani zikaonekana sahihi. Nakubali kwamba nyingi ni sahihi. Lakini tuone mifano miwili inayoonyesha kwamba kupita mtihani wa kiwandani hakutoshi. Mwaka 2017 ilitangazwa kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, waliozijaribu mita 9 za kielektroniki katika maabara. Waliziunganishia vifaa vya kisasa, kama balbu za kubana matumizi pamoja na swichi za kupunguza mwanga, ambavyo huuvuta umeme kwa mikupuo badala ya wimbi laini. Mita 5 zilizidisha hesabu sana; iliyozidi zote ilionyesha asilimia 582 juu ya matumizi halisi. Nyingine 2 zilipunguza hesabu kwa kiasi cha asilimia 30. Hayo yalikuwa mazingira ya maabara yaliyochaguliwa kwa makusudi, na hayana maana kwamba kila nyumba inapunjwa. Maana yake ni nyembamba zaidi, nayo inanitosha: mita inaweza kufaulu mtihani uliowekwa, ikafeli katika nyumba ambayo mtihani haukuifikiria.

Mfano wa pili ulitugusa sote Afrika Mashariki. Mita za tokeni zinazofuata kanuni ya kimataifa iitwayo STS zilikuwa zikihesabu dakika kuanzia mwaka 1993, na nafasi ya kuziandika dakika hizo ilikuwa na kikomo. Kikomo kilikuwa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikuwekewa namba maalumu kabla ya siku hiyo ingezikataa tokeni mpya, hata kama mwenye nyumba amezilipia. Hakuna aliyekusudia kumwibia mtu. Ni kosa lililolala ndani ya mashine kwa zaidi ya miaka thelathini, likingoja siku yake. Safari hii wahusika walilijua mapema na kulitangaza, jambo la kusifiwa. Lakini tujiulize: asiyekuwa na habari angesimama mbele ya mita inayokataa, angeambiwa nini? Bila shaka angeambiwa kwanza kwamba amekosea kubonyeza.

Anayetaka kuona mwisho wa njia hii atazame yaliyotokea Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 matawi ya posta ya nchi hiyo yaliwekewa mfumo wa kompyuta wa hesabu uitwao Horizon. Mfumo ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha ambazo wasimamizi wa matawi walisema hawakuzichukua. Sheria ya huko ilidhani, na kudhani huku ni kwa maana ya kisheria, kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ionyeshwe vinginevyo. Lakini wa kuonyesha vinginevyo alikuwa msimamizi wa tawi, ambaye hakuwa na njia ya kuingia ndani ya mfumo. Wengi wao waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo, hali wenzao kwa mamia walikuwa wakiambiwa maneno hayo hayo. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wako waliofungwa, waliofilisika, na waliojiua. Mwaka 2019 Jaji Fraser wa Mahakama Kuu alitamka kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kusababisha upungufu huo, na mwaka 2024 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mkupuo. Sentensi iliyowafunga watu wale ni ndugu wa damu wa sentensi niliyoisikia uani kwetu. Tofauti ni ukubwa wa hasara tu.

Sasa nizikabili hoja za upande wa pili, maana zipo na zina nguvu.

Hoja ya kwanza ni wizi. Umeme unaibwa katika nchi zetu. Wako wanaopitisha waya kando ya mita, wako wanaoichezea mita yenyewe, na gharama ya umeme ulioibwa huishia kwa mlipaji mwaminifu. Kama msambazaji angemwamini kila anayelalamika, wezi ndio wangekuwa wa kwanza kulalamika. Hoja hii ni ya kweli, lakini inathibitisha kitu kingine. Inathibitisha kwamba mlalamikaji asiaminiwe bila uchunguzi. Haithibitishi kwamba mita iaminiwe bila uchunguzi. Mimi siombi neno la mtu lishinde. Naomba lisikike kiasi cha kusababisha kipimo. Kuamini na kuchunguza ni mambo mawili, na mwizi ndiye anayepaswa kuuogopa uchunguzi kuliko wote.

Hoja ya pili ni gharama. Fundi, gari, mita ya kulinganishia, siku za kazi: vyote ni fedha, na malalamiko mengi hatimaye hukutwa hayana msingi. Pengine friji ni kuukuu, pengine waya wa ndani unavuja. Kwa hiyo, inasemwa, anayetilia shaka na alipie shaka yake. Hapa naona tofauti kati ya sheria iliyo sawa kwa wote na sheria iliyo ya haki. Ada ya kupima mita kwa tajiri ni ada. Kwa mama anayeuza juisi ya matunda kandokando ya barabara, ada hiyo ni mtaji wa wiki, na atalazimika kuutoa kabla hajajua atashinda au atashindwa. Atafanya nini? Atanyamaza. Kisha kimya chake kitahesabiwa kuwa ushahidi kwamba mita zetu ni nzima, kwa kuwa walalamikaji ni wachache.

Hoja ya tatu ndiyo niliyoianzia: mashine haina upendeleo. Ni kweli, lakini mashine ina mwenyewe. Wako walioichagua, walioinunua, walioipima na kuitia lakiri, na wako wanaoamua lalamiko lipi lishughulikiwe na lipi lisubiri. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Sidai kwamba wanaovuta ni wezi. Mara nyingi hawajui hata kwamba wanavuta. Lakini kosa la mita linalomnufaisha mwenye mita halimkoseshi usingizi, na lile linalomtia hasara hutafutwa mpaka usiku kwa tochi. Methali nyingine inasema kesi ya nyani hakimu ngedere. Pale ambapo mtoza fedha ndiye shahidi, ndiye mtaalamu na ndiye mwamuzi, hatuhitaji kumtuhumu kwa ubaya ili tuone kwamba mpango wenyewe ni mbaya.

Kutokana na hayo napendekeza kanuni moja: mzigo wa kuthibitisha uende kwa mwenye ufunguo. Anayeruhusiwa kufungua lakiri, mwenye vifaa vya kupimia na ujuzi wa kuvitumia, ndiye mwenye wajibu wa kuonyesha kwamba kipimo chake ni sahihi pindi kinapotiliwa shaka kwa sababu inayoeleweka. Kanuni hii haitokani na huruma kwa maskini, ingawa huruma ni jambo jema. Inatokana na wazo kwamba wajibu hufuata uwezo. Hatumlaumu kipofu kwa kutoona shimo. Tunamlaumu aliyelichimba akaacha kuliwekea alama. Na hapa ndipo ile laana ya mizani ya uongo inapofika mbali kuliko tulivyozoea kuifikiria. Mfanyabiashara anayejua kwamba mizani yake ni mbovu amekosa, hilo halina ubishi. Je, yule asiyejua kwa sababu hataki kujua? Yule anayeambiwa mara tatu kwamba mizani ina walakini, na mara tatu anajibu kwamba mizani haidanganyi? Kutojua kwa aina hiyo ni jambo alilolichagua, na anayechagua kutojua hawezi kujitetea kwa kusema hakujua.

Kwa vitendo, kanuni hii haidai makuu. Inadai fundi azime swichi kuu mbele ya mwenye nyumba na waitazame taa pamoja kwa dakika chache. Inadai awashe jiko la wati 1000 peke yake kwa dakika 6, ambazo ni sehemu ya kumi ya uniti, na kama mita imeandikwa 1000 wahesabu kama mimweko inakaribia 100. Jaribio hilo si la maabara, na haliwezi kugundua kila kosa, lakini linatosha kuamua kama neno la mtu linastahili kupelekwa mbele. Inadai ada, kama lazima iwepo, idaiwe baada ya matokeo, isitangulie. Na inadai jambo moja zaidi ambalo watu hulisahau: kosa likithibitika, litamkwe. Kubadilisha mita kimyakimya kunaponya ukuta tu. Waliotiliwa shaka wanahitaji kusafishwa kwa maneno yaliyo wazi kama yale yaliyowachafua.

Kanuni ya kimaadili isiyomkata anayeitetea si ya kuaminika sana, kwa hiyo niigeuze upande wa pili. Tuseme mita imekosea kwa kumpunja msambazaji, uniti zinadumu mara mbili ya kawaida, na mwenye nyumba amegundua. Je, aseme? Nimewauliza wenzangu darasani, na wengi walicheka. Walisema kwamba kwa miaka mingi wao ndio waliopunjwa, na hii ni fidia. Siwezi kukubaliana nao. Anayenufaika na mita hiyo huenda si yule aliyewahi kupunjwa, na hasara yake huishia katika bei anayoilipa jirani. Tena, anayesema mita iaminiwe inapomfaa yeye amekubali ile sentensi ya fundi. Ameibadilisha mwelekeo tu. Nakiri kwamba wajibu wake ni mwepesi kuliko wa msambazaji, kwa sababu hana ufunguo wala hakuiweka mita pale. Lakini akishajua, anajua. Tukitaka neno la mlaji lihesabiwe kuwa ushahidi siku analalamika, lazima liwe neno linalosema kweli hata siku anayofaidika.

Mashine zitaendelea kuongezeka kati yetu. Leo ni mita ya umeme. Zipo tayari za maji, na mifumo inayoamua nani apewe mkopo kwa simu na nani asipewe. Kila moja itakuja na mtu wa kutuambia kwamba haidanganyi, naye atakuwa anasema kweli. Kazi yetu sisi tunaosoma lugha, na tunaojua tofauti kati ya neno na neno, ni kumjibu kwa upole: hatukuuliza kama inadanganya. Tumeuliza kama imekosea, na nani ataipima, lini, na mbele ya nani. Swali hilo lingeulizwa siku ya kwanza katika ua wetu, lingechukua dakika kumi na kugharimu giza la muda mfupi tu. Mtu mmoja angebaki chumbani kwake, na cherehani yake, na pasi yake ya makala.